Picha Niliyoipeleka Darasani

Katika miaka ya themanini nilifundisha sanaa katika shule ya wasichana huko Parklands. Kila mwaka niliwaambia wanafunzi wapya jambo lile lile: mkitaka kuisoma picha ya mtu, uso uacheni mwisho, kwa maana uso hukuvuta ukasahau mengine. Anzeni na mikono. Tazameni nguo, tazameni mwanga unaingilia wapi. Semeni mnachokiona tu, na msiogope kukosea, hata mimi hukosea.

Mume wangu alikuwa mchora ramani katika ofisi moja mjini. Jumamosi alikwenda Hurlingham, kwenye darasa la watu wazima la kuchora kwa rangi za mafuta. Mimi ndiye niliyemhimiza ajiunge. Alikuwa mtu wa kimya, na tangu tuoane nilikuwa nikijiuliza kama huwa ananiona, au nimekuwa kama kabati, mtu hulizunguka bila kulitazama. Basi jioni moja akaja na picha aliyoifunga kwa magazeti. Mwanamke ameketi karibu na dirisha, anamenya chungwa, na uso ni wangu. Alisema ameichora kwa kutazama fotografia. Nilikaa chini nikalia. Nilijiambia, kumbe alikuwa akinitazama siku zote hizi.

Niliitundika sebuleni, katika nyumba yetu ya serikali kule Upper Hill, na kila mgeni nilimketisha mahali atakapoiona. Miezi kadhaa baadaye, kwa fahari tu, nikaipeleka darasani.

"Mwalimu, ni wewe!" wasichana wakasema.

"Uso tunauacha mwisho," nikawakumbusha. "Mikono."

Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye wazazi wake walitoka magharibi ya nchi, akainua kidole. "Hiyo kisu iko mkono wa kushoto. Kwani mwalimu ni mashoto?"

Wakacheka, maana walikuwa wameniona nikiandika ubaoni kila siku. Nami nilicheka. Niliwaeleza kwamba studio za picha wakati mwingine huweka negativu, ile filamu ya picha, kinyume, na kila kitu hutoka kimegeuka, mkono wa kulia ukawa wa kushoto. "Aliyechora aliifuata fotografia tu," nikasema.

Binti mwingine alikuwa akiitazama blauzi ya pichani. Familia yake ilikuwa na duka la kushona nguo mjini. "Lakini mwalimu, vifungo havijageuka," akasema. "Vya wanawake hushonwa upande wa kushoto, na hapa viko kushoto kwake. Ingekuwa kinyume, vingekuwa upande ule mwingine."

"Umeona vizuri sana," nikamwambia, kwa sababu alikuwa ameona vizuri.

Wa tatu akauliza kama nyumbani kwangu ni ghorofani, maana dirishani vilionekana vilele vya mijakaranda, kana kwamba mtu anaitazama kutoka juu. Nyumba yetu ilikuwa ya chini. Niliibeba picha hadi dirishani nikaiinamisha ili mwanga uipitie kwa ubavu, kama nilivyowafundisha kufanya. Rangi ya mafuta ni nene; ukiipaka juu ya nyingine, ile ya chini huacha kingo. Chini ya shavu langu kulikuwa na ukingo wa shavu jingine, la mviringo, na kidevu kilichoshuka kuliko changu.

"Kuna mtu chini," alinong'ona yule wa dawati la mbele.

Jioni nilimkuta mume wangu akipiga viatu rangi barazani. Nikaiweka picha mbele yake.

"Hii mikono ni ya nani?"

Hakujifanya hajui. "Ya mama mmoja tunayesoma naye."

"Na uso ulio chini?"

"Ni wake."

"Kwa nini basi ukaweka wangu?"

"Nilitaka kuileta nyumbani," akasema. "Ningeileta vipi?"

Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayeeleza alivyopitisha meza kwenye mlango mwembamba. Nikaficha mikono yangu nyuma ya mgongo. "Mimi humenya chungwa kwa mkono upi?"

Alifikiri. Kisha akageuza kichwa kuitazama picha.

Hapo nilijua sina cha kumweleza, mimi niliyeweza kumweleza mtu yeyote kitu chochote mradi anipe muda. Nilimwambia aende kwa yule anayemtazama vizuri. Alibisha siku mbili tatu, kisha akafungasha. Picha alitaka kuiacha, akidai ni yangu kwa kuwa ina uso wangu. Nilimwambia aichukue, ampelekee mwenye mikono.

Alitoka Jumamosi asubuhi, begi begani na picha kwapani. Hakuifunika. Majirani wawili walikuwa wakianika nguo karibu na ua, wanawake wazuri ambao nilikuwa nimewaketisha mbele ya picha ile mara nyingi. Mmoja akanipigia kelele, "Mwalimu, leo mzee anakutembeza mjini! Anakupeleka kwa maonyesho?"

"Mwache aende nayo," akasema mwenzake. "Watu waone vile bwana hupenda bibi yake. Si wetu hawa, hata kuchora nyumba hawajui."

Nilisimama mlangoni nikamtazama akishika njia ya Hurlingham, uso wangu ukiwa umeelekezwa kwetu. Walikuwa wakingoja niseme kitu. Nikawashukuru, kisha nikaingia ndani.