Mahindi ya Juu ya Moshi

Siku ya pili ya msiba wa mama, unga uliisha. Mimi sikujua. Nilikuwa nimekaa nje na wanaume wenzangu nikipokea pole, na ugali ulipoletwa nilikula, tena nikaongeza.

Watu walipotawanyika niliingia jikoni, nikatazama juu ya mafiga. Kamba zilikuwa zinaning'inia tupu.

Pale ndipo mama alipokuwa akitundika mbegu: mahindi mafupi, meusi kwa masizi, ambayo mgeni yeyote angedhani yamesahauliwa. Wanawake waliokuja kutusaidia kupika walitoka vijiji vya mbali. Waliona waombolezaji wamejaa na unga hakuna, wakayashusha, wakayapukuchua, wakayapeleka mashineni. Ningemlaumu nani? Walitenda wema. Lakini nilipiga teke sufuria la watu, na hasira ile haijaniisha hadi leo.

Huku kwetu Haneti mahindi ni mgeni. Wazee wetu walikuwa watu wa uwele na mtama. Mvua yetu huanza Desemba, halafu Februari inakatika, na hindi lenye kujivuta hukauka kabla halijabeba. Mama alianza kuchagua mbegu akiwa bado msichana. Jua likiwaka kweli kweli, sisi tumejibanza kivulini, yeye alikuwa akizunguka shambani na vipande vya kanga kuukuu, akifunga kila shina lililotoa ndevu wakati mengine yamejikunja majani. Mbegu ya mwaka unaofuata ilitoka kwenye mashina hayo tu.

"Mbona unaacha haya makubwa?" nilimuuliza siku moja.

"Hayo kuleni. Yameota bondeni, yamedekezwa. Mimi nataka lililozaa kule juu kwenye changarawe."

Bwana shamba mmoja alinieleza baadaye kilichokuwa kikitokea. Kila mwaka jua liliua yaliyochelewa, mama akachagua kati ya yaliyosalia, na vinasaba vya yale yaliyowahi ndivyo vilivyorithishwa. Mwaka baada ya mwaka mahindi yakawa ya hapa. Yalinifika kifuani tu, lakini Februari iliyakuta yameshabeba.

Majirani walikuwa wameshahamia mbegu za dukani zamani. Nikamkumbuka dada yangu, aliyeolewa kule milimani Kondoa na kuondoka na kikapu cha mbegu ya mama. Nilipanda basi.

"Shikamoo dada. Ile mbegu ya mama bado unayo?"

"Marahaba. Ninayo, mdogo wangu. Ningeitupaje? Napanda hiyo hiyo kila mwaka."

Akanionyesha mahindi marefu, manene, yenye punje zenye wekundu ule ule niliokua nikiuona. Nililia mbele ya shemeji yangu bila haya. Nikarudi nyumbani na nusu gunia, nikijiona nimemfufua mama.

Yaliota vizuri. Yakanipita kichwa, yakaendelea kupanda, nami nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Februari mvua ilikata. Mbelewele, yale maua ya kileleni, zikamwaga chavua yote kwenye upepo mkavu, na ndevu hazijatoka hata moja. Zilipotoka hapakuwa tena na chavua ya kupokea. Nilivuna magunzi yenye punje za kuhesabika.

Dada hakukosea kitu. Kule kwao mvua inanyesha vya kutosha, na kila mavuno alichagua hindi kubwa kuliko yote, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Mbegu ikajifunza ya kule, na ya huku ikayaacha. Kilichobaki cha mama kilikuwa ule wekundu.

Alinipigia simu. "Mahindi yamekubali?"

"Yamekubali, dada."

Ningemwambiaje? Alikuwa akiitunza kwa mapenzi miaka yote hiyo.

Siku iliyofuata niliichana kanga ya mama, ile aliyokuwa akijifunga akienda shambani, nikatoka juani. Mashina yaliyokuwa na angalau kijihindi cha ukubwa wa kidole gumba nilifunga kila moja kitambaa. Hayakuwa mengi. Watoto wangu wakija kutoka mjini wananicheka, wanasema mbegu zimejaa madukani, baba, unajitesa bure. Huenda wanasema kweli.

Mwaka huu nimefunga tena. Mama aliianza kazi hii kabla hajaolewa, ikamchukua hadi alipokufa. Mimi naianza nikiwa na wajukuu.