Bwana wa Bucheri Aliponyamaza

Ukumbi wa mjomba wangu hapa Kamembe kila mtu anauita sine, ingawa filamu haijaonyeshwa humo tangu nikiwa mtoto. Ni mpira tu. Kuna projekta, ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, mabenchi, na madirisha yaliyozibwa kwa magunia ya mchele wa Bugarama ili mwanga usiingie mchana. Kiingilio hakuna, ukiingia unanunua chai. Siku ambazo sina masomo, mimi ndiye ninayeimimina. Nakaa nyuma ya kaunta, kati ya jiko la makaa na beseni la vikombe, na kutoka hapo naona ukuta wote. Ni mahali pazuri kwa mtu kama mimi. Msichana akikaa kwenye benchi ataulizwa amemfuata nani. Akiwa na birika mkononi, hakuna anayemuuliza kitu.

Kazi yangu nyingine ni ubao wa nje, unaoonyesha mechi za wiki. Mjomba alinipa kazi hiyo kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na sauti yangu haisikiki. Ni kweli. Darasani mwalimu akiniita naandika jibu, na jibu ni sahihi, lakini akisema nieleze, koo linafunga kama mlango.

Watu wakijua kwamba nafuatilia mpira wa wanawake, wananiuliza nacheza namba ngapi. Sichezi. Nilijaribu mara moja shuleni, nikaupiga mpira ukaenda nyuma yangu. Sitaki kucheza, nataka kuangalia, kama anavyoangalia kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita yaya. Yaya anatengeneza pikipiki karibu na gereji ya mabasi, ana tumbo la kutosha, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anacheza namba ngapi.

Basi, timu ya taifa ya wanawake ilikuwa na mechi mbili za kufuzu dhidi ya nchi moja ya mbali: ya kwanza Jumamosi saa tisa mchana, ya marudiano Jumatano. Nyumbani hatuna dekoda. Nilimwomba mjomba kwa karatasi, nikaiweka chini ya kikombe chake. Akaisoma, akacheka, akaniambia, "Jumamosi nitaweka. Batu bakikaa mpaka mwisho, na ya Jumatano nitaweka. Bakitoka, usiniombe tena."

Ijumaa nikaandika ubaoni: Rwanda, jina la wapinzani, saa tisa. Sikuandika kwamba ni ya wanawake. Za wanaume huwa siandiki kwamba ni za wanaume, kwa hiyo niliandika kama ninavyoandika siku zote. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini wiki hiyo timu ya wanaume nayo ilikuwa na mechi ya kirafiki Jumapili, na nilijua kabisa kwamba atakayesoma ubao atadhani siku imesogezwa. Nilijua, na nikafuta vumbi la chaki mikononi nikaenda kula.

Jumamosi sine ilijaa hadi mlangoni.

Hapa nieleze kuhusu bwana wa bucheri. Ana duka la nyama karibu na msikiti, na ndiye sauti ya sine yetu. Mjomba huzima sauti ya runinga kwa sababu mtangazaji anaongea Kifaransa na wengi hawamfuati. Bwana wa bucheri anakaa mwanzo wa benchi la mbele na kutangaza mechi yote kwa Kiswahili cha kwetu. Chai yake ni ya bure. Kuna watu wanaoacha runinga zao nyumbani kuja kumsikiliza. Akisema mchezaji ni mzuri, kesho yake mji mzima unasema ni mzuri.

Dekoda ilichelewa kushika, kwa hiyo picha ilikuja mpira umeshaanza. Nyimbo za taifa zilikuwa zimepita. Tena gunia la dirisha moja lilikuwa limechanika, na jua lilipiga ukutani moja kwa moja. Wachezaji walionekana kama madoa ya njano na madoa meupe yanayokimbizana. Ukijua unachotafuta, ulikuwa ukiwaona. Watu wa kwenye mabenchi hawakuwa wakikitafuta.

Bwana wa bucheri akaanza. Namba nane wetu alipata mpira katikati, akageuka, akampita mmoja, akampita wa pili, akatoa pasi ndefu mpaka pembeni. Benchi zote zikainuka.

"Namba nane," alisema bwana wa bucheri, na sauti yake ikawa tamu kama ya mtu anayesifia ng'ombe wake. "Muone vile anageuka. Huyu kijana, mama yake alimuzaa na mupira muguuni."

Yaya alikuwa nyuma yake. Akasema huyo asilale hapa kesho, aende Ulaya. Watu wakamuunga mkono. Mmoja akauliza anacheza timu gani hapa nchini, mwingine akadai anamfahamu, wamesoma pamoja Bugarama. Nilimtazama mjomba, naye akanitazama juu ya vichwa vya watu. Chai ikafurika kwenye kikombe mpaka ikanichoma kidole. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Kwa robo saa hivi nilisikia mpira wa wanawake ukizungumzwa kama mpira.

Halafu namba nane akapigwa ngwara, akaanguka. Kamera ikamsogelea. Hata jua halikuweza kuificha ile picha: uso wake ulijaa ukuta, nywele za kusuka zilikuwa zimefunguka, akakaa kwenye majani akizifunga upya huku daktari akimshika kifundo.

Watu wakasogeza shingo mbele. Kisha sauti kutoka nyuma: "Eh. Kumbe ni mubinti."

Walicheka kwanza wale wa nyuma, halafu wote. Yule aliyesoma na namba nane Bugarama alichekwa hadi akatoka nje. Lakini bwana wa bucheri hakucheka. Aliweka kikombe chini polepole. Nadhani aliona aibu, na aibu yake ilihitaji mtu wa kuibeba.

"Patron," akamwambia mjomba, "utuwekee mupira."

"Na huu ni mupira, Mzee."

"Basi utangaze wewe. Mimi mambo ya batoto ba kike sitangazi."

Akakunja mikono. Na sine, ambayo sijawahi kuisikia bila sauti yake, ikabaki na kelele za benchi na mzaha tu. Mtu akauliza nani amebaki kupika kwenye nyumba zao. Kipa wetu alipouacha mpira utoke nje, kama kipa yeyote anavyofanya, yaya akasema kwa sauti kwamba dada amekumbuka ameacha sufuria motoni. Mzaha huo ndio uliochekwa kuliko yote. Namba nane alirudi uwanjani akichechemea, akafanya kitu kilekile, akageuka, akampita mmoja, akatoa pasi, na safari hii pasi ikazaa goli. Hakuna aliyeinuka. Mjomba alipiga kofi moja, akaangalia huku na huku, akaanza kupangusa mikono kama mwenye vumbi.

Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno yote: ni yuleyule, mlimsifu, ni mguu uleule. Nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Kipindi cha pili watu walianza kutoka, na mjomba akabadilisha. Aliweka marudio ya mechi ya Ulaya ya wiki iliyopita, ambayo kila mtu aliyekuwa mle ndani aliiona na kujua matokeo yake. Bwana wa bucheri akakohoa, akaanza kutangaza. Goli lilipoingia waliinuka, wakapiga kelele, wakakumbatiana. Goli la wiki iliyopita.

Jioni nilimkuta yaya uani akinawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Ulimusifu mwenyewe," nikamwambia. Nikiwa na yaya nyumbani naweza kuongea.

"Nani?"

"Namba nane. Ulisema aende Ulaya."

"Sikujua ni binti."

"Na ulipojua, ni nini kilibadilika kwa mguu wake?"

Alisugua grisi kwenye kucha. Kisha akasema nimewadanganya watu kwa ubao wangu, na mtu aliyedanganywa lazima akasirike. Hapo alinishinda, kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake, na mpaka leo unaniudhi. Nilitaka tuzungumze juu ya namba nane, tukazungumza juu ya ubao.

Mjomba hakunigombeza. Aliniambia watu hawakukimbia wasichana, walikimbia kimya. Mechi bila mtangazaji ni kama mazishi. Nimtafutie mtangazaji, na ya Jumatano ataweka. Na kwenye ubao niandike wazi ni ya nani.

Nilimwomba yaya, akakataa. Kwenda kumwomba bwana wa bucheri sikuthubutu. Nilipita mbele ya duka lake mara mbili, mara ya pili nikalazimika kununua maini. Ikabaki mimi. Jumatatu na Jumanne nilijaza kurasa mbili za daftari: namba za wachezaji, nani anacheza wapi, namna ya kusema kona na kuotea. Nilifanya mazoezi jikoni, nikitangaza maharage yanavyochemka, mpaka Maman akauliza naongea na nani.

Jumatano waliingia watu tisa, na watatu walikuwa wamekimbia mvua. Yaya alikuja pia, akakaa mwisho wa benchi la nyuma kama mtu anayengoja basi. Mvua ilikuwa imeficha jua na gunia lilishonwa, kwa hiyo picha ilikuwa safi kuliko siku zote. Mjomba akazima sauti ya Kifaransa, kama desturi ya sine, akanigeukia.

"Haya, mwanangu."

Daftari lilikuwa wazi mbele yangu. Nilisimama. Nikafungua mdomo, na koo likafunga kama linavyofunga darasani. Watu tisa tu. Mmoja wao ni ndugu yangu. Mjomba alingoja, akangoja tena, akaniashiria nikae. Hakurudisha sauti ya Kifaransa. Nadhani hata hakuikumbuka.

Tukaangalia kimya. Katikati ya kipindi, namba nane alipokea mpira, akageuka vilevile. Na nikasikia kutoka benchi la nyuma, kwa sauti ya chini ya mtu anayeongea peke yake: "Namba nane huyo." Ilikuwa sauti ya yaya. Nikageuka haraka. Aliponiona, akainua kikombe akaomba chai nyingine, na kikombe chake kilikuwa bado nusu.

Mapumziko mvua ikakatika, wale watatu wakaondoka, wawili wakawafuata. Mjomba alisema hawezi kuchosha taa ya projekta kwa mabenchi, akazima. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliniumiza. Bwana wa bucheri nina hasira naye, nayo haijaisha. Lakini yeye siku ile alikuwa dukani kwake akikata nyama. Aliyenyamaza ni mimi.

Asubuhi ya Alhamisi redio ilitoa matokeo ya mechi kwa sentensi moja, kati ya mbolea na hali ya hewa. Yaya alikuwa akichovya mkate kwenye chai.

"Umesikia?" akasema. "Tumepita."

Nilimuuliza sisi nani. Akamaliza mkate wake, akachukua kofia, akaenda kazini.