Babu Ndani ya Diski

Juzi, kwenye meza ya muuza spea pale Gerezani, niliona draivu ya zile diski bapa za zamani za kompyuta, na mara nikasikia tena harufu ya vumbi lililopata moto ndani ya kompyuta ya Mama.

Nilikuwa mtoto, na Babu alikuwa amefariki Moshi. Mama alikuwa ameandika historia ya marehemu kwenye kompyuta yake, ghorofani Kariakoo, akaihifadhi kwenye diski, na ilibaki kutoa nakala ya kusafiri nayo. Baba alitufungia geti kwa nje kwa kuhofia vibaka, akaenda kukata tiketi. Feni ilizunguka kwa shida. Chini wasukuma mikokoteni walipiga kelele wapishwe njia.

"Babu yumo humu," Mama alisema, akitoa diski iliyokuwamo na kuingiza ya pili.

Lakini programu ya kunakili ilionyesha bado majina ya mafaili ya diski ya kwanza, ile ya kamati ya harusi. Akaitoa diski, akairudisha. Yale yale. Draivu ikakwaruza, krr, krr. Leo najua ilikuwa ikitafuta tu pa kusoma. Siku ile niliamini Babu anagonga atolewe. Nikashika nondo za geti, nikalia kimyakimya.

"Kumbe haisomi hii mpya," Mama alisema hatimaye. "Inakumbuka ile ya kwanza tu. Ningeandika kitu juu ya hii, yote yangeharibika."

Akaifunga programu, akaifungua upya huku diski ya pili ikiwa ndani. Jina la Babu likatokea.

"Sasa atatoka?" nikamuuliza.

Mama aligeuka, akaniona bado nimeshika nondo.

"Hatoki tena, mwanangu."

Akanipakata, na kwa mara ya kwanza tangu habari za msiba zifike, akalia.