Lebo za Penisilini Mtungini

Nilipokuwa dresa, msaidizi wa mganga, katika nyumba ya wazee kule Nyarugusu, mganga mkuu aliagiza dawa za sindano zikae penye baridi, na kila chupa iwe na lebo yake. Barafu ningeitoa wapi? Nikazitumbukiza chupa za penisilini kwenye mtungi wa maji ya kunywa ya wazee, nikajiona nina akili kuliko Usukuma nzima.

Wiki ile ile akaja kukagua.

“Lebo zipo?”

“Zote, bwana mganga.”

Jua lilikuwa kali, akaomba maji. Nami kwa heshima nikamchotea mtungini. Alipoteremsha kata, kikaratasi kilikuwa kimenata kwenye masharubu yake. Akakibandua, akakisoma polepole: penisilini.

“Hiyo lebo ni yako,” akasema Mzee Maganga, mmoja wa wazee wetu, kutoka kitandani. “Yangu niliimeza jana.”