Taa Mbili Mgongoni mwa Mbawakawa

Hebu mwone anavyoingia: mama mnene, magoti ya suruali yamejaa udongo, anagonga mlango wa wachapishaji kwa kiwiko kwa sababu mikono yote miwili imekumbatia bahasha ya picha. Majirani humwita Mama Wadudu, naye hucheka tu. Kutwa yuko bustanini, kalala kifudifudi, anawapiga picha nyuki na mbawakawa kwa karibu mpaka vinyweleo vya mguu vionekane.

Ofisi hiyo ilikuwa inatafuta mpiga picha wa kitabu cha wadudu cha watoto. Kazi aliyoiota tangu usichana. Alichopungukiwa ni flashi, ile taa ya kamera, maana ukimsogelea mdudu kiasi hicho, lenzi yenyewe inamzibia mwanga. Basi alikuwa amekwenda dukani kwa mdogo wake wa tumbo moja, muuza vifaa vya kamera, ambaye hata kushika kamera alifundishwa na dada yake huyu.

"Mdogo wangu, kwa kazi hii ya kitabu cha wadudu nichukue ipi? Hii ya duara inayovikwa kwenye lenzi, au ile ya vichwa viwili, taa moja kushoto na moja kulia?"

"Dada, ya duara! Haina kivuli kabisa. Hiyo ya vichwa viwili utaishia kumulika pua yako."

Wakacheka. Akachukua ya duara.

Sasa mbawakawa, msomaji wangu, mgongo wake ni kioo. Kila picha ilitoka na pete nyeupe ya ile taa mgongoni, mdudu mwenyewe bapa kama stempu. Akadhani mkono wake ndio mbovu. Akarudia, akarudia, akapeleka zilizo afadhali.

Mhariri alizipitia, akatikisa kichwa. "Pole, mama. Kazi tumeshampa mwingine. Hebu tazama mwenyewe."

Picha ile ilikuwa hai. Mbawakawa ametuna, kivuli chembamba ubavuni, na mgongoni, kushoto na kulia, mng'aro mmoja mmoja, laini. Taa mbili. Chini yake, jina la mdogo wake.

Akazirudisha picha zake kwenye bahasha, akatoka.

Jioni simu ikalia.

"Dada, usininunie bwana, riziki tu hiyo. Sikia, hawa wadudu wananikimbia, yule mmoja nilibahatisha. Wewe unajua kuwavizia asubuhi wakiwa bado wamezizima kwa baridi. Njoo unisaidie, jina lako nitaliweka. Kwa herufi ndogo, lakini nitaliweka."

Simu iko sikioni. Hajakata, na mdogo wake anangoja. Ungekuwa wewe, ungemwambia nini?