Barafu ya Babu kwenye Baridi ya Tukuyu

Nyumba yetu ya Bulyaga ilikuwa na harufu mbili zilizogombana mwaka mzima: moshi wa kuni kutoka jikoni, na uchachu wa mtindi uliolala kwenye kibuyu nyuma ya mlango. Mwezi wa saba, ukungu uliposhuka kutoka mlimani na kukaa uani kama mgeni asiyejua kuaga, iliongezeka harufu ya tatu, ya ndizi mbivu ambazo mama alizitundika karibu na moto zisipigwe na baridi. Tulivaa sweta juu ya sweta. Asubuhi tulikwenda shule tukipuliza mvuke mdomoni na kujifanya tunavuta sigara, mpaka mwalimu wa zamu alipotuona. Nawaambia haya mapema, maana habari yangu ni ya barafu, na mtu wa Tukuyu ukimtajia barafu mwezi wa saba atakuuliza kama una homa. Basi sikilizeni: mimi, nikiwa mtoto wa darasa la nne, nilimlisha babu yangu barafu, na babu akainuka. Sioni aibu hata kidogo kujisifu.

Babu alikuwa mkulima wa Kisiba, mwenye migomba na ng'ombe wake, na sauti iliyosikika ng'ambo ya bonde. Baba alimleta kwetu ili ang'olewe magego yaliyooza. Magego yalitoka, na hamu ya kula ikatoka nayo. Ufizi ulimvimba, shavu likawa gumu. Mama alipika uji wa ulezi, akapika supu ya kuku, akaponda ndizi kwa maziwa kama alivyozipenda mzee tangu ujana wake. Vyote vilirudi jikoni kama vilivyokwenda. Cha moto kilimchoma, kigumu kilimtonesha, na hatimaye alichoka hata kujaribu. Koti lake jeusi la kanisani likaanza kumpwaya mabegani. Shangazi alikuja kumwona, akatoka chumbani anafuta machozi, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Baba alimkemea pale pale, lakini neno lilikuwa limeshatoka na mimi nimeshalisikia. Babu naye alikuwa na ombi moja tu, arudishwe Kisiba "nikalale kwangu." Hata mtoto wa darasa la nne alijua maana ya usingizi huo.

Na nani angemlazimisha kula? Baba alikuwa mwanawe, na mtoto hamwamrishi mzazi. Mama alikuwa mkwe wake, na kwa heshima ya kwetu mkwe hata machoni hamtazami baba wa mumewe, sembuse kumshika kidevu na kumpelekea kijiko. Alikuwa akiacha bakuli kizingitini, anapiga hodi, anarudi nyuma. Mimi ndiye niliyeingia nalo. Nami nilikuwa na cheo ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho katika nyumba ile: nilirithi jina la mama mzazi wa babu, Tusekile, na kwa sababu hiyo babu hakuwahi kuniita mjukuu. Aliniita "juba," yaani mama. Akinisalimia alivua kofia. Watu walicheka, yeye hakucheka.

Jirani yetu alikuwa Mama Rehema, nesi aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alikuja na friji, na akili yake yote ya Tanga ilikuwa ndani ya friji ile. Wiki ya kwanza tu aliwagandishia watoto wa mtaani lambalamba za maji ya matunda, akagawa. Wazazi wakatunyang'anya wakazitupa, eti nimonia! Tangu hapo wazee walimwita mwanamke anayepeleka maji mtoni. Yeye alicheka tu. Siku moja akamwambia mama juu ya ua, "Mama Tusekile, mwenye kidonda mdomoni mpe kitu cha baridi. Chalainisha, chatuliza, na kama kina maziwa na matunda, ni chakula kamili." Mama aliitikia kwa adabu na hakufanya lolote. Mimi nilikuwa nachambua mboga chini ya ua ule ule, masikio yamesimama.

Sikwenda kwa Mama Rehema moja kwa moja, kwa sababu nilikuwa na akili nyingi kuliko kiasi. Babu mwenyewe alizoea kusema kwamba baridi ya Rungwe hugandisha hata sala mdomoni, na mimi nilimwamini babu kwa kila jambo. Sasa friji ya nini? Nilichukua mtindi, nikachanganya na ndizi, nikaweka bakuli juu ya paa la banda la kuni lilale nje. Asubuhi nilikuta bakuli safi kama limeoshwa, na paka wetu amelala pembeni, tumbo juu. Nililia kwa hasira. Ndipo nikafunga kanga ya mama kiunoni kama mtu mzima, nikaenda kubisha kwa jirani. "Shikamoo. Nimekuja unifundishe barafu ya babu."

Mama Rehema hakuuliza la pili. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kwamba mtindi una maji, na maji yakiganda yanakuwa jiwe; kwa hiyo tuliumimina kwenye kitambaa cheupe, tukaufunga na kuuning'iniza juu ya beseni mpaka ukabaki mzito, wa kusimamisha kijiko. Kwetu maparachichi yaliwaangukia nguruwe wakati huo, hatukuyathamini. Tuliokota yaliyo bora, tukayaponda laini bila hata uzi mmoja. Tukaongeza ndizi zilizoiva mpaka ganda jeusi, maana ndizi kama hiyo haihitaji sukari, kisha juisi ya pasheni iliyochujwa mbegu, na asali kidogo. Moto hatukuwasha kabisa. Nilichokoroga kilikuwa na rangi ya kijani changa na harufu ya kunitoa udenda, nikapigwa kofi mkononi kwa kuonja. Tulijaza vikombe, tukaviweka kwenye friji vigande, na kila mchanganyiko ulipoanza kushika kingo nilikoroga tena ili usiote chembe za barafu. Vijiti vya kushikia nilichonga mwenyewe kwa mianzi, nikavisugua visiwe na kibanzi hata kimoja, kwa ajili ya ule ufizi.

Halafu umeme ukakatika. Mnaoijua Tukuyu mnajua. Nilitaka kufungua friji niangalie, Mama Rehema akanizuia kwa kiuno chake chote, akaleta blanketi akaifunika friji ile. Nikapiga kelele, "Blanketi si litaiyeyusha barafu?" Akasema blanketi halina moto wake, linatunza tu unachokipa: ukilipa joto linatunza joto, ukilipa baridi linatunza baridi. Nilikaa chini mbele ya friji iliyovaa blanketi na kuiombea kama mgonjwa. Umeme uliporudi na friji ikaanza kunguruma, nilimkumbatia Mama Rehema mapajani.

Niliingia kwa babu na kikombe kimoja. Alipoona mvuke wa baridi unatoka, akageukia ukutani. "Barafu? Katika baridi hii? Juba, unataka kunizika?" Sauti ilikuwa ndogo, haikufika hata mlangoni. Nikasimama wima. Nikamuuliza, "Mimi ni nani kwako?" Akasema, "Wewe ni juba." Nikasema, "Mama akikupa chakula, mtoto unafanyaje?" Nyuma yangu, kizingitini, nilisikia mama ameshika pumzi. Babu alinigeukia, akavua kofia yake taratibu, akafungua mdomo. Kikaingia kipande cha kwanza. Akafumba macho, uso ukakunjamana, kisha mabega yakashuka kama mtu aliyetua mzigo. "Ndaga, juba," akasema, yaani ahsante. "Kingine kipo?" Jamani! Nilikimbia nikipiga vigelegele mpaka barabarani, na mama alikuwa anacheka na kulia kwenye kanga.

Alimaliza vikombe vile, tukagandisha vingine. Shavu likalainika, koti likaanza kumjaa, na ile habari ya kwenda kulala Kisiba ikasahaulika. Jumapili moja wazee wenzake walikuja kumwona mgonjwa, wamevaa makoti mazito na mabuti, wakamkuta ameketi kando ya moto analamba lambalamba. Walishangaa. Wakamkaripia. Kisha mmoja akaomba aonje kidogo tu, na ng'ombe hazeeki maini; baada ya muda mfupi wazee wote walikuwa wameuzunguka moto, ukungu mlangoni, kila mmoja na kijiti changu cha mwanzi mkononi, wanalamba kimya. Mama Rehema alipochungulia, babu alimwita kwa ile sauti yake ya kuvuka bonde: "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Hakuna aliyemcheka tena.

Siku hizi naishi Kawetele. Maparachichi hayaliwi na nguruwe tena, yanapakiwa masandukuni na kusafirishwa mbali, na watoto wa mtaani kwangu wananunua aiskrimu ya kopo hata ukungu ukiwa umeshuka. Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mwezi wa saba alikuja Bulyaga kudai chakula cha mama yake. Jina lake analo mwanangu, kwa hiyo simwiti mwanangu. Namwita Tata, yaani baba, kama kwetu wanavyoitwa wazee kwa heshima. Hivi karibuni magego yalikuwa yanamwota, ufizi umevimba, akasukuma kila sahani. Nilichuja mtindi, nikaponda ndizi na parachichi, nikachonga kijiti. Akaugeukia ukuta, vile vile kabisa. "Tata," nikamwambia, "mama akikupa chakula unafanyaje?" Akanigeukia. Kisha akafungua mdomo.