Mkate wa Baba

Mama amefundisha biolojia miaka ishirini na miwili, na hata vichwa vigumu wameelewa kwamba wanga ni sukari iliyoungana kama mnyororo. Baba tu ndiye aliyemshinda. Ana kisukari, chai anakunywa bila sukari, kisha anafagia vipande vitano vya mkate.

Jana kipimo kilipopanda tena, Mama akamkabidhi kipande. “Tafuna, baba watoto. Usimeze mpaka nikuambie.”

Baba akatafuna weee. “Mbona unakuwa mtamu?”

“Mate yako yamekata mnyororo. Hiyo ndiyo sukari ninayokupigia kelele.”

Baba akaitikia kwa kichwa, Mama akashusha pumzi.

Leo asubuhi Baba ameloweka mkate kwenye chai na kuumeza mzimamzima.

“Nisipoutafuna,” akamwambia Mama, “sukari itatoka wapi?”